Swali la Saba

Karatasi mia moja na kumi na nane,
darasa la sita, mikondo miwili,
na mwalimu mmoja wa sayansi, ndiye mimi.
Mwaka jana zilinila wiki tatu.
Nyingine nilizisahihishia stesheni ya Uvinza
nikingoja treni ya Tabora,
ikachelewa hadi nikamaliza swali la tano.

Safari hii mwalimu mkuu kaja na simu.
"Piga picha tu. Akili mnemba itasoma,
wewe kunywa chai."
Nikapiga picha. Nikanywa chai.
Kikombe hakijafika nusu, wote wamekwisha kupimwa,
kila mmoja na alama yake, na sababu yake,
kwa Kiswahili kilichonyooka kama reli,
hakina jasho, hakina doa la mchuzi.

Nikatafuta kosa. Siwafichi, nililitaka,
kama mke mkubwa aonjaye ugali wa mke mdogo.
Nikalipata swali la saba:
*Eleza jinsi ya kupata chumvi kutoka kwenye maji yenye chumvi. Alama 5.*

Leokadia Ruhuza, mtoto wa ng'ambo ya Rusugi, ameandika:
"Mama anachota chemchemini jua halijatoka.
Anamimina kwenye sufuria pana, anachochea kuni.
Usikoroge. Maji yanaondoka yenyewe na moshi.
Chunvi haijui kuondoka, inabaki chini.
Ukiwahi kuitoa inakuwa chungu.
Macho ya mama yanakuwa mekundu mpaka jioni."

Simu ikasema:
*Jibu halijataja uvukizaji. Masimulizi yasiyohitajika. Alama 1.*

Nilicheka peke yangu ofisini, kicheko cha mshindi,
mpaka nilipoukumbuka mwongozo wa kusahihisha
na aliyeuandika.
Mwandiko wangu. Neno moja,
nimelipigia mstari mara mbili.
Simu ilitii tu.
Ilinitii kuliko mtoto yeyote niliyewahi kumfundisha.

Halafu Bitegera.

Mwandiko wa Bitegera ni siafu waliomwagiwa maji.
Tangu darasa la nne nampa mbili, nampa tatu,
napima urefu wa jibu kwa jicho,
nafunua ukurasa, usiku umekwenda.
Simu ilimpa tano juu ya tano.
La nane, tano. La tisa, tano.
Nikasema imelewa.
Nikaichukua karatasi, nikakaa mlangoni penye mwanga,
nikasoma herufi moja moja
kama anayechambua mawe kwenye mchele.

Kila kitu kilikuwamo.
Uvukizaji ulikuwamo, hata tahajia sawa,
na pembeni mchoro wa sufuria,
mvuke wake una vishale vitatu vyembamba
ambavyo mtu angeviona, kama angetazama.

Miaka miwili, Bitegera.
Simu haina macho ya kuuma saa tano usiku.
Wala haimjui kaka yako
aliyevunja dirisha langu.

Jumatatu nikarudisha karatasi.
Ya Leokadia nilikata moja, nikaandika nne;
ya tano niliizuia kwa ajili ya ile "chunvi".
Mwalimu ni mwalimu.
Akaja mezani.
"Mwalimu, uvukizaji ndiyo nini?"
"Ni kile anachofanya mama yako."
Akanitazama kama mtu aliyeuziwa kuku wake mwenyewe.
"Sasa mbona hukusema?"

Bitegera sikumwambia kitu. Nilikuwa nimepanga maneno,
yakakauka njiani.
Alizitazama alama. Akalitazama jina juu.
Akaligusa kwa kidole, kama lina unyevu.
Kisha akainuka, taratibu,
akaja akaiweka karatasi mbele yangu:
"Mwalimu, hii si yangu."